Jinsi ya Kulinganisha Gemu Moja Kwenye Mashine Tofauti: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa San Andreas

Banda la gemu nililokulia lilikuwa na PlayStation 2 mbili na TV mbili za chogo. Siku mwenye banda alipoiondoa chogo moja na kuweka flati kubwa, sote tulikimbilia pale. Wiki haikuisha, foleni ikarudi kwenye chogo. Kwenye ile flati mpira ulikuwa mzito: unabonyeza shuti, mchezaji anakawia, beki ameshafika. Tukasema diski imechoka, mwenye banda akaleta nyingine. Tukasema pedi imekufa, akanunua mpya. Hela ilimtoka mara mbili na uzito ukabaki palepale, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye TV na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria.

Huwa nawakumbuka wale wateja kila nikisikia watu wakibishana kwamba San Andreas ya simu ni mbovu, ya PS2 ndiyo yenyewe, au FIFA ya kompyuta si kama ya PlayStation. Mkono haudanganyi. Ukihisi tofauti, tofauti ipo. Tunachokosea ni kumtafuta mhusika. Unachohisi kinaweza kuwa kimetoka kwenye gemu lenyewe, kwenye mashine, kwenye TV, kwenye waya au kwenye pedi, na njia pekee ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja huku vingine vyote ukiviacha vilivyo.

Mfano wangu mkuu hapa ni Grand Theft Auto: San Andreas. Wengi wetu tunaijua kwa vidole, imetoka kwenye karibu kila mashine, na matoleo yake yanatofautiana kwa namna ambazo ukishazielewa utaweza kupima gemu lolote lingine. Unachohitaji ni simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, saa ya kuhesabia sekunde (ipo kwenye simu yoyote), daftari, na subira.

1. Jua ukoo wa toleo ulilonalo

Magemu yana koo kama watu. Jina moja kwenye kava halimaanishi damu moja.

San Andreas ya kwanza ilitoka kwenye PS2 Oktoba 2004. Juni 2005 ikafika kwenye kompyuta na kwenye Xbox ya kwanza. Huo ni ukoo wa kwanza. Desemba 2013 likatoka toleo la simu, lililofanyiwa kazi upya: vidhibiti vya kugusa kioo, mwanga uliorekebishwa, na vituo vya kuanzia upya katikati ya misheni. Toleo hilo la simu ndilo lililozaa lile la Xbox 360 la 2014 na lile la PS3 la 2015. Novemba 2021 ikaja Definitive Edition, iliyojengwa juu ya injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Unreal Engine 4 na Grove Street Games, kampuni ileile iliyokuwa imeshughulikia toleo la simu wakati ikiitwa War Drum Studios. Kwa hiyo anayecheza San Andreas kwenye Xbox 360 na anayecheza kwenye simu wako karibu kiukoo kuliko yule wa Xbox 360 na yule wa Xbox ya kwanza.

PS4 nayo ina kisa chake. San Andreas iliyouzwa kwenye PS4 Desemba 2015 ni ileile ya PS2, ikiendeshwa ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine, kwa picha kali zaidi. Ukiilinganisha na PS2 halisi, unalinganisha mashine tu, kwa kuwa gemu ni lilelile. Ukiilinganisha na ya PS3, unalinganisha koo mbili. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ugomvi mwingi wa vijiweni unatokana na watu kujibu maswali tofauti wakidhani wanajibu moja.

Kwa wanaocheza kwenye simu kupitia PPSSPP, emuleta ya PSP, jihadharini na kitu kimoja. San Andreas haikuwahi kutolewa rasmi kwenye PSP. Magemu ya GTA ya mtindo ule yaliyotoka PSP ni Liberty City Stories na Vice City Stories. Faili linalozunguka kwa jina la San Andreas ya PSP ni kitu cha kuungaunga, hivyo matokeo yake usiyaweke kwenye ulinganisho wowote.

Andika kwenye daftari: jina la mashine, mwaka wa toleo, na namba ya toleo. Kwenye simu namba hiyo iko kwenye mipangilio ya programu. Kwenye PS4 na PS5, bonyeza Options ukiwa juu ya gemu ufungue taarifa zake.

2. Soma diski, usisome kava

Kwenye PS2 za kwetu kava halina maana, maana diski nyingi zilichomwa na kuandikwa kwa kalamu ya maka. Diski yenyewe lakini haifichi asili yake. Iweke kwenye kompyuta yenye sehemu ya DVD, ifungue kama folda ya kawaida, tafuta faili liitwalo SYSTEM.CNF, kisha lifungue kwa Notepad. Utakuta mistari michache tu. Mmoja unaanza na BOOT2 na unataja jina lenye herufi nne na namba. Herufi zikiwa SLES au SCES, diski ni ya Ulaya. SLUS au SCUS ni ya Marekani. SLPS, SLPM au SCPS ni ya Japani. Kwa kawaida chini yake kuna mstari wa VMODE unaosema PAL au NTSC.

Hapo ndipo penye siri kubwa ya TV zetu. Tanzania na Kenya, kama sehemu kubwa ya Ulaya, zilifuata mfumo wa PAL, ambao TV yake huchora skrini mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani zilifuata NTSC, mara 60 kwa sekunde. Kama uliwahi kuweka diski kwenye PS iliyochipiwa na picha ikaja nyeusi na nyeupe, au ikawa inapanda juu bila kutulia, ile ilikuwa diski ya NTSC kwenye TV inayojua PAL peke yake. Tulikuwa tunapiga TV makofi, kumbe haikuwa na kosa.

Lakini rangi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mwendo. Watengenezaji wengi wa zamani walifunga mwendo wa gemu kwenye uchoraji wa skrini: kila skrini ikichorwa, mhusika anasogea hatua moja. Gemu la aina hiyo lililotengenezwa kwa mara 60, likiletwa kwenye TV ya mara 50 bila marekebisho, linapungua mwendo kwa moja ya sita. Kitu kilichochukua sekunde 60 kinachukua 72. Mfano unaojulikana sana ni Sonic the Hedgehog ya Mega Drive, ya 1991: toleo la PAL lilitembea polepole na muziki wake ukawa mzito. Watoto wa Ulaya walikua wakidhani ndivyo Sonic alivyo.

Kufikia enzi za PS2 diski nyingi za Ulaya zilikuwa zikiuliza mwanzoni kama unataka 50 Hz au 60 Hz, yaani mara 50 au 60 kwa sekunde. Ukiulizwa, chagua 60 ikiwa TV yako inakubali. Na unapolinganisha PS2 na kitu kingine chochote, andika ulichagua ipi. Bila hiyo namba huna ulinganisho.

3. Chagua mahali pamoja, saa moja, tendo moja

Usilinganishe gemu zima. Chagua vipande vitatu unavyoweza kuvirudia bila kubahatisha. Kwangu San Andreas ina hivi:

Cha kwanza ni kusimama katikati ya Grove Street mbele ya nyumba ya akina Johnson, kisha kuzungusha kamera mzunguko mzima. Cha pili ni kuendesha gari kutoka hapo hadi ufukwe wa Santa Maria, kwa barabara zilezile na aina ileile ya gari. Cha tatu ni misheni ya kukimbiza treni, Wrong Side of the Tracks, ambayo kila mtu ana hasira nayo.

Saa ya ndani ya gemu lazima ifanane, kwa sababu taa, msongamano wa magari na rangi ya anga vinabadilika nayo. San Andreas inakusaidia hapo: ukisevu nyumbani, saa inasogea mbele kwa saa 6. Sevu mara mbili au tatu mpaka ukaribie 12:00, yaani saa sita mchana. Kama hali ya hewa ina mvua upande mmoja na jua upande mwingine, subiri. Mvua inalemea mashine, na utailaumu bure.

Saa hiyohiyo ni kipimo cha bure ambacho watu wengi hawakijui. Katika San Andreas dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kwetu. Simamisha CJ, mhusika unayemwongoza, mahali salama, washa saa ya simu yako gemu likionyesha 12:00, na usiguse kitu. Baada ya dakika moja kamili gemu linatakiwa kuonyesha 13:00. Likionyesha 12:50, mashine au emuleta yako inaendesha dunia nzima polepole, kwa asilimia 83 tu ya mwendo wake. Nimeona watu wakisifu emuleta ya PS2 kwenye simu kwamba "haikwami", na kweli haikwami. Inatembea pole kwa ulaini, na jicho linaridhika. Saa ndiyo inayoumbua.

4. Sawazisha TV kabla ya kugusa gemu

Ukiweza, mashine zote zipite kwenye TV moja. Usipoweza, basi mashine moja ipite kwenye TV zote, ili ujue kila TV inaongeza nini.

TV ya chogo huchora mara tu inapopokea. Flati hupokea picha, huipanua ijae kioo, huisafisha, na ndipo huionyesha. Kwa PS2 kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu waya ule wa njano, nyekundu na nyeupe unaleta picha ya zamani iliyokatwa mistari, inayotakiwa kwanza kuunganishwa. Kila hatua inakula muda. Ndicho kilichotokea bandani kwetu.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya picha na utafute Game Mode, iwashe. Zima kila kitu kinachoahidi kulainisha mwendo, maana TV inayolainisha mwendo inabuni picha za katikati ambazo gemu halikuzichora, na vipimo vyote vya hatua inayofuata vitakuwa vya uongo. Angalia pia kama picha imevutwa pembeni. San Andreas ya PS2 ina chaguo la skrini pana kwenye menyu. Usipoliwasha kwenye flati, CJ ananenepa na barabara inapanuka, na mtu anasema toleo hilo "linaendesha vibaya".

5. Hesabu picha kwa jicho lako

Uingereza kuna timu ya Digital Foundry, iliyoanzishwa na Richard Leadbetter, inayofanya kazi hii kitaalamu: wanarekodi picha moja kwa moja kutoka kwenye mashine, kisha programu inalinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua zipi ni mpya na zipi zimerudiwa. Sisi tutafanya jambo lilelile kwa simu.

Rekodi skrini kwa mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, ukiwa unazungusha kamera ya gemu taratibu bila kusimama. Lazima kamera izunguke, maana kitu kilichotulia hakionyeshi kama picha ni mpya au ya zamani. Hamishia video kwenye kompyuta, ifungue kwa VLC, isimamishe, halafu bonyeza E. Kila ukibonyeza, video inasogea picha moja. Hesabu mara ngapi mandhari ya gemu inabadilika ndani ya picha 240. Idadi hiyo ndiyo picha kwa sekunde za gemu lako.

Kama unachoka kuhesabu zote, angalia kila picha inakaa kwa muda gani. Ikikaa kwa 4 kisha ibadilike, gemu linakwenda picha 60 kwa sekunde. Ikikaa 8, ni 30. Ukiona 9, 10, 10, 9, 10, ni 25. Ukiona 8, 8, 12, 8, 16, basi hapo ndipo mkono wako ulipohisi kukwama, na sasa una ushahidi. Wastani peke yake hautoshi. Gemu linalotulia kwenye 30 bila kuyumba linachezeka vizuri kuliko linaloruka kati ya 35 na 55, na hilo nitalitetea mbele ya yeyote.

Tahadhari moja: simu nyingine zinatangaza 240 lakini zinarekodi pungufu na kubuni zilizobaki. Ijaribu kwanza kwa kurekodi saa ya sekunde kwenye skrini ya kompyuta ya kawaida ya 60 Hz. Tarakimu za mwisho zikibadilika kwa mkato kila baada ya picha 4, simu yako ni ya kweli. Tarakimu zikiyeyuka moja ndani ya nyingine kwa mapicha mengi mfululizo, azima simu nyingine.

Kwenye kompyuta hauhitaji yote haya, kwa kuwa Steam, duka la magemu ya kompyuta, ina kihesabu chake ndani ya mipangilio. Ila hapo kuna mtego wa San Andreas ambao umewapotosha wengi. Kwenye mipangilio ya picha ya toleo la kompyuta kuna Frame Limiter. Ikiwa imewashwa, gemu linabanwa kwenye picha 25 kwa sekunde. Mtu mwenye kompyuta nzuri anaiona 25, anakasirika, anaizima, na gemu linapaa. Linapendeza kuliangalia. Lakini mahesabu ya mwendo ya gemu hili hayakuandikwa kwa kasi hiyo, na baadhi ya vitu vinaharibika kimyakimya. Kinachoonekana wazi zaidi ni kuogelea: CJ anapiga mikono vilevile lakini haendi.

Jipimie mwenyewe. Kwa sevu ileile, nenda gati la Santa Maria lenye gurudumu kubwa la kupanda, ingia majini ufukweni na uogelee kuelekea mwisho wa gati, saa mkononi. Fanya kwa Frame Limiter ikiwa imewashwa, kisha imezimwa. Ukiona pengo la sekunde hizo utaelewa kwa nini mtu mmoja anasema misheni ya Amphibious Assault, ambayo ni ya kuogelea, ni rahisi na mwenzake anasema haiwezekani, na wote wawili wanasema kweli.

6. Pima ucheleweshaji wa kidole

Hapa ndipo utamu wa gemu ulipo, na hapa ndipo wengi hawapimi kabisa.

Weka simu kwenye kitu kisichotikisika, iwe inaona kidole chako juu ya pedi na skrini kwa pamoja. Rekodi kwa 240. Mpe CJ bastola, simama ukiangalia ukuta, na ufyatue mara 10 kwa kuachia kati ya risasi na risasi. Kisha hesabu: kutoka picha ambayo kitufe kimefika chini, hadi picha ya kwanza ambayo mwale wa bunduki umeonekana. Kila picha ni milisekunde 4.17. Ukihesabu 24, ni milisekunde 100.

Yapange majibu yako 10 kutoka dogo hadi kubwa na uchukue yale mawili ya katikati, ugawe kwa mbili. Usichukue wastani wa yote, kwa kuwa ukikosea kuhesabu mara moja tu wastani wote unapinda.

Namba hiyo imebeba pedi, mashine, gemu na TV kwa pamoja. Kuitenganisha, badilisha kimoja. Tuseme PS2 yako, diski ileile na pedi ileile, kwenye chogo inatoa 20 na kwenye flati inatoa 38. Picha 18 zilizoongezeka ni za TV peke yake: milisekunde 75. Gemu la picha 30 kwa sekunde linakuwa limekwenda zaidi ya hatua mbili kabla hujaona matokeo ya kidole chako. Beki ameshafika. Washa Game Mode upime tena, na uandike.

Pedi isiyo na waya ipime kwa waya pia kama inakubali. Na usipime kuruka badala ya kufyatua, kwa sababu mhusika anapojikunja kabla ya kuruka, muda huo ni wa uchoraji wa mwendo wake na unaweza kutofautiana kati ya matoleo.

7. Tofautisha gemu na mkono

Kwenye PS2 unabana R1 na gemu linamshika adui lenyewe. Alama juu yake inabadilika rangi kadiri anavyodhoofika. Kwenye kompyuta unalenga mwenyewe kwa mausi, na mpigaji mzuri anapiga kichwa akiwa mbali. Kwenye simu unamgusa adui juu ya kioo. Haya si mapambo. Mapigano ya Ganton, mtaa wa akina CJ, yanakuwa gemu tatu tofauti: la kwanza linahusu kujipanga na kujificha, la pili linahusu shabaha, la tatu linahusu kutozibwa macho na kidole chako mwenyewe.

Kinyume chake ni angani. Keyboard inajua kubonyezwa na kutobonyezwa tu, wakati kijiti cha pedi kinajua robo, nusu na robo tatu. Aliyemaliza shule ya urubani kwa keyboard anastahili heshima yake.

Kwa hiyo, kabla ya kusema toleo la simu ni baya, unganisha pedi ya Bluetooth kwenye simu na ulicheze hivyo. Kama ubaya umeondoka, ulikuwa wa kioo. Kama umebaki, sasa una haki ya kulisema toleo. Ukikosa pedi, angalau jaribu aina zote za usukani zilizomo kwenye mipangilio. Ile inayokuja yenyewe si lazima ikufae.

Halafu kuna jambo ambalo video za kulinganisha pembeni kwa pembeni haziwezi kulionyesha: gharama ya kushindwa. Kwenye PS2 treni ikikuacha, misheni imeisha. Unatafuta usafiri, unarudi hadi kwa Big Smoke, rafiki wa CJ anayeanzisha misheni hiyo, unasikiliza maneno yale yale, unaanza. Dakika kadhaa zinapotea kila mara. Kwenye matoleo ya ukoo wa simu unaweza kuanzia kituo cha karibu. Misheni ni ileile, lakini wa PS2 anaendesha pikipiki kwa woga na kumpa Smoke nafasi ya kulenga, na wa simu anajaribu lolote. Ukilinganisha, hesabu pia dakika kutoka kushindwa hadi kuwa tena mbele ya changamoto ileile. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya koo hizi mbili, kuliko mwanga, kuliko ukali wa picha.

8. Picha na sauti, kwa ufupi

Los Santos ya PS2 ina ukungu wa rangi ya machungwa unaofanya mji uonekane umechoka na jua. Kwenye kompyuta sehemu ya rangi hiyo ilipungua. Definitive Edition ilipotoka 2021 ukungu wa mbali ulikuwa umeondolewa, na ukipanda juu unaona ramani nzima kama uwanja; mji uliotufanya tuamini ni mkubwa kuliko Dar ukaonekana mdogo. Mvua yake nayo ilikuwa mistari myeupe inayoziba barabara. Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi hadharani mwezi huohuo na kurudisha sokoni matoleo ya zamani ya kompyuta. Novemba 2024 sasisho likaleta chaguo la mwanga wa zamani. Maana yake ni kwamba aliyeilinganisha 2021 na aliyeilinganisha 2025 hawakucheza kitu kimoja, ingawa jina halikubadilika.

Redio pia usiisahau. Mwaka 2014 nyimbo kadhaa ziliondolewa kwenye toleo la Steam baada ya muda wa leseni zake kuisha. Wimbo uliokuwa unausikia ukiendesha jangwani unaweza usiwepo tena.

9. Kwa wacheza mpira

Najua wengi mtaruka kuja hapa. Hatua zilezile zinafaa, ila hatua ya ukoo ni muhimu zaidi, kwa kuwa magemu ya mpira yanauzwa kwa mwaka na si kwa injini.

FIFA 14 ilikuwa angalau magemu matatu. Ya PS4 na Xbox One ilitumia injini mpya ya Ignite. Ya PS3, Xbox 360 na kompyuta ilitumia ya zamani. Ya PS2, ambayo ndiyo FIFA ya mwisho ya mashine hiyo, ilikuwa ya zamani zaidi. FIFA 22 ya kompyuta ilifuata ya PS4 na haikuwa na HyperMotion, teknolojia ya mwendo wa wachezaji, ya PS5. Kompyuta iliipata kwenye FIFA 23. Na PES 6 ya kompyuta ilitokana na ya PS2, wakati ya Xbox 360 ilikuwa kitu kingine.

Ukipima mpira, pima kwa mechi ya mazoezi, timu zilezile, urefu uleule wa mechi, kasi ya mchezo ileile kwenye menyu, na nje ya mtandao. Mechi ya mtandaoni inaongeza safari ya data, na huwezi kuitenganisha na kilichomo kwenye mashine.

10. Andika ili mwingine aweze kurudia

Usiandike "ya PS2 ni nzuri zaidi". Andika hivi: PS2, diski ya SLES, 50 Hz, TV ya chogo, pedi ya waya, Grove Street saa 12:00 bila mvua, picha zinakaa 9 au 10, kufyatua ni hesabu ya 20, kurudi kwenye treni dakika kadhaa. Kisha mstari wa pili kwa mashine ya pili, kwa mpangilio uleule. Mwenzako akikupinga, mpe karatasi, apime kwake, na mtafute ni safu gani hamkulingana. Mara nyingi mtaikuta kwenye TV.

Na ukiwa dukani unataka kununua mashine iliyotumika, muuzaji kakupa dakika kumi tu, huna nafasi ya yote haya. Omba gemu unalolijua vizuri. Dakika ya kwanza iache saa ya gemu itembee huku unaangalia ya simu yako. Zungusha kamera mahali penye watu na magari mengi, ukirekodi kwa mwendo wa polepole. Fyatua au piga pasi mara tano simu ikiona kidole na skrini. Kama muuzaji anatumia flati ya dukani na hisia ni nzito, mwombe rimoti, washa Game Mode, ujaribu tena kabla ya kushusha bei au kuondoka. Video nenda kazihesabu nyumbani, na mwambie utarudi kesho.